Pampu Yenye Magurudumu

Miaka ya 1980, katika kambi ya kampuni ya migodi ya Gécamines tulikokulia hapa Lubumbashi, sisi watoto hatukujua kisima ni nini. Nyumba, shule, hospitali na maji vyote vilikuja pamoja na kazi ya baba. Ukifungua bomba, maji yanatoka. Septemba 1990 mgodi wa kampuni hiyo wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Shaba yake iliyokuwa imezidi tani 400,000 kwa mwaka ikashuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, baba akiwa mmoja wao. Tukahamia mtaa wa Katuba.

Huko Katuba bomba la mtaani lilitoa maji usiku wa manane, tena kwa kubahatisha, mwisho likakauka kabisa. Baba akachimbisha kisima cha mita kumi hivi ndani ya lupango wetu, yaani kiwanja chetu. Maji yakawa karibu, lakini kazi ya kuyapandisha iliwaangukia dada zangu. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na kamba ilikuwa ikiwasubiri kila alfajiri kabla ya shule. Viganja vyao vilikuwa vigumu kuliko vya baba aliyetoka mgodini. Hilo liliniuma, na ndilo lililonisukuma kutafuta pampu.

Nilipata ya umeme, iliyokwisha kutumika, yenye nguvu farasi nusu, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Tuliifunga kwa saruji mdomoni mwa kisima. Masika yote ilifanya kazi vizuri. Ilipofika Septemba, maji yaliposhuka, ikawa inanguruma tu bila kutoa hata tone.

Mzee mmoja jirani, fundi aliyejifunzia kazi kwenye karakana za reli, ndiye aliyenielewesha. Pampu ya juu hupunguza hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje huyakandamiza maji ya kisima hadi yapande. Pwani, uzito wa hewa unaweza kuyainua kama mita 10. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi zaidi. Hapa hata kwa hesabu ya kitabuni hayavuki mita 9, na kwa bomba la kweli, lenye msuguano na viungo vyake, mita 7 ni nyingi. "Mwanangu," aliniambia, "kama maji yameshuka, na mashine iyafuate."

Tukaing'oa kwenye saruji. Tulichomelea fremu ya vyuma vya pembe, tukaweka magurudumu mawili ya toroli, mpini, na pete za kufungia kamba. Bomba la kuvutia lilikuwa gumu, lenye mzunguko wa waya ndani, kwa kuwa laini hubonyea likivutwa. Chini yake tulifunga chujio na klapeti inayozuia maji kurudi kisimani, ili tusijaze pampu upya kila mara. Kiangazi tuliishusha mashine kwa kamba hadi kwenye kidato kilichochongwa ukutani mwa kisima. Swichi ilibaki juu, pakavu, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kisimani umeme ukiwa umeunganishwa. Ingekuwa ya injini ya petroli, hatungeishusha kamwe: moshi wake ukijaa shimoni huua mtu kimya kimya.

Kwa kuwa ilikuwa na magurudumu, ilianza kutembea. Umeme uliporudi usiku, mama jirani alibisha: "Hodi, baba, moto umerudi, tunaomba mashine." Ilikwenda lupango kwa lupango, ikijaza mapipa kabla umeme haujakatika tena. Mdogo wetu wa mwisho hakuwahi kushika kamba ya kisima. Alfajiri zake zilikuwa za vitabu.

Mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kilienea Lubumbashi na Likasi. Tulianza kutia klorini na kufunika visima, na nikatazama upya mtaa wetu: kila lupango una kisima, na kila lupango una choo cha shimo. Pampu ilitupunguzia jasho, lakini ilipandisha kila kilichokuwamo ndani ya maji.

Leo wenye uwezo wanachimba visima virefu na kuweka paneli za jua juu ya mapaa, na pampu zimerudi kukaa mahali pamoja, nyuma ya kuta. Nafurahi kwa ajili yao. Ila naamini mji mkubwa kama huu hauwezi kunywa salama kwa kila nyumba kujichimbia kisima chake. Unahitaji bomba la wote, lenye maji yaliyopimwa. Sheria ya maji ya mwisho wa 2015 imefungua mlango kwa mikoa na kwa watu binafsi kushiriki kazi hiyo, na mitaa yetu inapaswa kuidai. Kwa sasa bado naunda mashine hizi za magurudumu. Anayekuja kuagiza, kabla hatujazungumza bei, tunakwenda pamoja kupima umbali kati ya choo chake na kisima chake, na cha jirani pia.