Herufi Nne Zilizopungua

Mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi hupatwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitalini. Akiona jibu la mwenzake halipatani na lake, haanzi kwa kukagua la kwake. Hutazama kwanza mwenzake amekosea wapi. Mimi nilikuwa na ugonjwa huo darasani, nikawa nao ofisini nilipokuwa mwalimu mkuu, na nilipostaafu sikuurudisha pamoja na funguo za shule. Ulinifuata mpaka Uholanzi, ukaniumbua mbele ya jiwe moja ukutani, na aliyeniumbua alikuwa mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Leiden, mji wa kale wenye mifereji mingi, ulio kati ya Amsterdam na The Hague. Siku moja yeye na mumewe walikuwa kazini, na mtoto alikuwa na likizo. Akatuachia kijitabu cha matembezi ya mafumbo. Kwa wasomaji wasiojua mambo hayo, mpango wenyewe ni huu: hakuna kiongozi wa kukutembeza. Kijitabu kinakupeleka mahali, kinakuuliza swali ambalo jibu lake lipo pale pale, juu ya mlango au kwenye sanamu au ukutani, na jibu hilo ndilo linalokuonyesha pa kwenda. Ukikosea, unapotea. Ni kama vitendawili vyetu, isipokuwa anayetega ni mji wenyewe.

"Babu, wewe utahesabu, mimi nitasoma," mjukuu aliniambia, maana maswali yalikuwa ya Kiholanzi. Nilikubali. Kuhesabu ndiyo kazi niliyoijua.

Tulianzia kwenye Burcht, ngome ya mviringo iliyojengwa juu ya kilima kidogo, karibu na mahali pale matawi mawili ya mto Rhine yanapokutana. Nchi ile ni tambarare kama sinia, hivyo hata kilima kidogo ni kitu cha thamani. Fumbo la hapo lilitutaka tutafute kitu kisichofungua mlango wowote ingawa ndiyo kazi yake. Ilikuwa ni funguo mbili nyekundu zilizopishana, alama ya mji wa Leiden. Ukishaziona mara moja, unaziona kila mahali. Kutoka hapo tulivuka daraja lenye mapaa, mahali palipouzwa nafaka zamani, tukatokea barabara ya Breestraat, mbele ya jumba la manispaa.

Jumba hilo liliungua mwaka 1929, likabaki ukuta wake wa mbele tu, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 16. Nyuma yake likajengwa jengo jipya. Katika ukuta huo wa zamani limo jiwe lenye maandishi ya mistari sita. Hapo kijitabu kilitupa kazi mbili. Kwanza, tuhesabu herufi zote za maandishi yale, tupate idadi ya siku. Pili, tujumlishe herufi ambazo pia ni tarakimu za Kirumi, ila D tuziache, tupate mwaka.

Kabla ya kuanza, mjukuu alinisomea kisa chenyewe, akinitafsiria polepole. Waholanzi walikuwa wameasi utawala wa mfalme wa Hispania. Tarehe 26 Mei 1574 jeshi la Wahispania liliuzingira mji wa Leiden kwa mara ya pili. Halikuupiga mizinga sana. Lilikaa nje likangoja njaa ifanye kazi. Ndani ya mji chakula kikaisha, tauni ikaingia. Hapakuwa na njia ya kuwaokoa watu kwa nchi kavu, basi viongozi wa maasi wakaamua kuvunja kingo walizojenga wao wenyewe kuzuia maji, ili mashamba yafurike na mashua zenye chakula zipite juu yake. Maji yalisitasita kwa majuma mengi mpaka upepo ulipogeuka. Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba Wahispania walikuwa wamekimbia, na mashua zikaingia mjini na mkate na samaki wa heringi. Hadi leo, kila tarehe 3 Oktoba, wakazi wa Leiden hugawiwa mkate mweupe na heringi. Jiwe lile linasema waliokufa walikaribia elfu sita.

Mimi nimeishi miaka ambayo chakula kilikuwa haba. Nakumbuka mwaka 1974 na unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Wazee wetu walikuwa wakizipa njaa majina ili zisisahaulike. Hawa wa Leiden waliificha yao ndani ya herufi, ili kila anayetaka kuijua alazimike kuihesabu.

Basi nikahesabu. Nilikwenda mstari kwa mstari, nikiandika pembeni: kumi na tisa, ishirini, ishirini na tano, ishirini na mbili, kumi na nane, ishirini na tatu. Jumla 127. Kisha nikageukia Kirumi. M moja, elfu. C nne, mia nne. L mbili, mia. V sita, thelathini. I nne. Jumla 1534.

"Siyo, Babu," mjukuu alisema. "Hapa wanasema mji uliokolewa 1574."

Nilirudia, nikapata yale yale. Nikamwambia kwa utulivu, ule utulivu ambao walimu tunautumia tukiwa tumekwisha kata shauri, kwamba bila shaka kijitabu kina makosa ya uchapaji. Au mchonga mawe aliruka herufi. Vitu kama hivyo hutokea.

Yeye hakunibishia. Alikunja ngumi, akaanza kuhesabu miezi juu ya vifundo vya vidole, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo: kifundo siku thelathini na moja, bonde thelathini. Mei, kuanzia tarehe 26, siku sita. Juni thelathini. Julai thelathini na moja. Agosti thelathini na moja. Septemba thelathini. Oktoba siku tatu. "Mia moja thelathini na moja," akasema. "Zako zimepungua nne, Babu." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Miaka nayo imepungua mingapi?"

"Arobaini."

Akaenda karibu na ukuta, akatazama juu muda mrefu, huku mimi nikitafuta mahali pa kukaa. Aliporudi alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika W kubwa kwenye karatasi, akaikata katikati kwa mstari.

"Hizi ni V mbili zimeshikana. Mle ziko nne."

Nilikuwa nimezihesabu zile W nne kama herufi moja moja, na kwenye Kirumi nilizipita kabisa, kwa kuwa Warumi hawakuwa na W. Lakini ukiisoma kila W kuwa V mbili, herufi zinaongezeka nne, nazo zinakuwa 131. Na kila W ina thamani ya kumi, kwa hiyo mwaka unaongezeka arobaini, nao unakuwa 1574. Kosa moja lilikuwa limeharibu majibu yote mawili, nalo lilijitangaza wazi: nne huku, arobaini kule. Kila mwalimu wa hesabu angepaswa kuona hapo kwamba upungufu wenyewe ulikuwa unaonyesha kosa liliko. Mimi niliuona upungufu, nikatukana wachapaji.

Tuliendelea na safari. Tulifika kwenye kanisa la Pieterskerk, alimozikwa John Robinson, mchungaji wa wale Waingereza waliotoka Leiden mwaka 1620 kwenda Marekani. Tulifika kwenye bustani ya Van der Werf, ambako fumbo liliuliza kwa nini katikati ya mji uliobanana vile pana uwazi mkubwa. Jibu lake ni la huzuni: tarehe 12 Januari 1807 jahazi lililosheheni baruti lililipuka pale mferejini, likaua watu wapatao 150 na kuangusha nyumba zote za jirani. Mjukuu alisoma na kujibu. Mimi nilikuwa naye kwa miguu tu, mawazo yalikuwa mbali.

Yalikuwa mwaka 1976, katika darasa la saba, mwaka wangu wa kwanza kazini baada ya chuo cha ualimu. Swali lilihusu tangi la maji na mabomba mawili. Bomba la kwanza peke yake hujaza tangi kwa saa nne, la pili kwa saa kumi na mbili. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi? Kitabu cha majibu nilichokuwa nacho kilisema saa nane. Mvulana mmoja aliandika saa tatu. Nikamwekea mkasi. Alisimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, bomba moja likiwa peke yake linajaza kwa saa nne. Yatawezaje mawili kuchukua saa nane?"

Nilimchapa fimbo nne kwa kubishana na mwalimu.

Usiku ule nilikaa na koroboi nikalifanya lile swali kwa mkono wangu. Saa tatu. Asubuhi niliingia darasani nikaanza somo jipya. Nilijiambia kwamba mwalimu kijana akikiri kosa mbele ya watoto hatasikilizwa tena. Nikaendelea kujiambia hivyo mpaka nikazeeka.

Pale Leiden nilitambua kitu kimoja. Darasani nilikuwa nimeamini kitabu nikamkataa mtoto. Mbele ya jiwe nilijiamini mwenyewe, nikakikataa kitabu na mtoto pia. Kwa hiyo haikuwa kwamba niliheshimu vitabu, wala kwamba nilijua hesabu. Mara zote mbili aliyekuwa amefanya hesabu vizuri alikuwa mtoto, na mara zote mbili sikutaka jibu litoke kwake.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule mvulana. Sasa naye ni babu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Nilimpigia simu, nikajitambulisha, akanipa shikamoo. Nilimweleza kilichonifanya nipige, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka.

"Mambo ya zamani hayo, Mwalimu. Mimi nilikwisha yasahau."

Nilimshukuru. Tukaulizana habari za watoto na wajukuu, tukaagana. Nilipokuwa karibu kukata simu, nilimsikia akisema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe:

"Lakini ilikuwa saa tatu."

"Ndiyo," nilimjibu. "Ilikuwa saa tatu."