Kitabu cha Risiti

Katika miaka niliyokaa kwenye kamati ya chama cha wamiliki wa nyumba mtaani kwetu, upande wa Eastlands jijini Nairobi, lalamiko lililorudi kila mkutano lilikuwa moja: watu hawalipi. Wenyekiti walibadilika, katiba ya chama ikarekebishwa, ada ikapanda, na ajenda ya kwanza ikabaki madeni yale yale. Sasa watu wanalipa. Wanalipa kwa simu, wengi wao mwezi ukiwa bado mchanga, na mweka hazina hana tena haja ya kumbishia mtu hodi. Hata hivyo chama kimedhoofika kuliko kilivyokuwa siku zile za ukata. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba udhaifu huo uliingia kupitia mlango ule ule ulioleta nafuu. Tulipoacha kuzunguka nyumba kwa nyumba tulidhani tumetua mzigo, kumbe tulikuwa tumeacha kazi iliyotufanya tuwe chama.

Vyama hivi havikuzaliwa kwa kupenda katiba na mihuri. Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1983 na kuweka tume ya kuteuliwa mahali pake, na kwa karibu miaka kumi, hadi uchaguzi wa 1992, mkazi wa jiji hakuwa na diwani wa kumuuliza kwa nini taka hazizolewi. Madiwani waliporudi, huduma zilikuwa zimekwisha kuchakaa. Taa za barabarani zilizimika na kubaki hivyo, mapipa yakafurika, na wizi wa usiku ukawafanya watu wafunge milango kabla ya taarifa ya habari. Mitaa iliyojengwa kama Buruburu, iliyoinuliwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, ilikuwa na bahati ya ramani: nyumba zake nyingi zimepangwa kuzunguka vijia visivyopenya, na kila kikundi kina mdomo mmoja wa kuingilia. Mdomo mmoja unahitaji geti moja, na geti moja linahitaji askari wa usiku ambaye familia chache zinaweza kumlipa. Sisi nasi tulianza hivyo, kwa geti, askari na kijana wa kuzoa taka kwa mkokoteni. Hatukuwa na nia ya kuunda serikali ndogo. Tulikuwa tunaziba pengo ambalo kodi zetu zilipaswa kuliziba.

Pesa za kuziba pengo hilo zilikusanywa kwa mkono. Kila mwanzo wa mwezi wanakamati wawili walipita nyumba hadi nyumba na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, nakala ya juu ikichanwa na kupewa mwenye nyumba, ya chini ikibaki kitabuni. Walikuwa wawili kwa makusudi, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake. Ukivipekua vitabu hivyo leo, maandishi ya thamani hayako kwenye mistari ya shilingi. Yako nyuma ya nakala, kwa penseli, mwandiko wa haraka wa mtu aliyesimama: nusu, salio baada ya mazishi; mtaro wa nyuma umeziba; askari alikutwa amelala; asidaiwe mpaka apate kazi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yote. Uamuzi wa kumsamehe mtu ada ulifanywa na majirani waliofika kwake, wakaona hali yenyewe, na ambao wangerudi mwezi uliofuata. Mtu aliyesamehewa hakuwa mdeni sugu, alikuwa mwanachama aliye katika shida, na aliposimama tena alilipa, mara nyingi na ya nyuma pia. Malalamiko nayo yalikusanywa papo hapo, yakiwa bado madogo.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007, na haikuchukua miaka mingi kabla ya vyama kama chetu kuhamia huko. Sina la kulaumu katika teknolojia yenyewe. Pesa taslimu zilipotea, kuna mitaa iliyovunjika kwa sababu ya mweka hazina mmoja, na kumbukumbu ya simu haifutiki kama wino uliomwagikiwa maji. Yeyote anayesema turudishe noti na sarafu anawatakia wanakamati balaa. Lakini tazama kilichobadilika pamoja na pesa. Mtu anayetuma ada kwa simu huona kwamba amemaliza wajibu wake kwa mtaa, na anachosubiri sasa ni huduma. Askari akichelewa haulizi tufanye nini, anauliza pesa yake inakwenda wapi. Mwenye shida naye hana mahali pa kuisemea. Jina lake linaingia kwenye orodha ya wadaiwa inayowekwa katika kundi la WhatsApp, mbele ya watu wote, na kuanzia hapo hasomi tena kundi wala haji mkutanoni. Mikutano mikuu, ambayo zamani ilijaza uwanja wa mtaa kwa sababu kila nyumba ilikuwa imealikwa mlangoni, ikaanza kuahirishwa kwa kukosa akidi.

Kuna watakaosema kwamba nachanganya mambo, kwamba mtaa wenyewe ndio uliobadilika wala si njia ya kulipa. Ni kweli ulibadilika, na mabadiliko hayo ni makubwa. Wamiliki wa kwanza walizeeka, wengine wakarudi mashambani au kuhamia viunga vipya, na nyumba zikabaki kwa wapangaji. Kisha zikaja ekstensheni, vile vyumba vya kupangisha vilivyochomoza mbele na kando ya nyumba mpaka bustani zikaisha, na ploti iliyochorwa kwa familia moja ikawa na milango mingi. Mabomba ya majitaka yaliyotandazwa kwa hesabu ya familia moja hayakupanuliwa. Yanapasuka, na vifuniko vya chuma vya mashimo yake vinaibwa kuuzwa kama vyuma chakavu. Lakini mabadiliko hayo ndiyo yalidai watu waendelee kubisha hodi. Chama kinachopita mlangoni kingeuona mlango mpya mwezi ule ule ulipofunguliwa, kingemjua anayeishi nyuma yake na kuuliza choo chake kimeunganishwa na bomba gani. Chama kinachotazama skrini kinaona namba ya nyumba moja iliyolipa ada moja, na kinaridhika.

Serikali ilipotangaza Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana kwa ajili ya usalama, mwishoni mwa 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mwezi Septemba mwaka huo, ilikuwa imeazima wazo kutoka Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walikuwepo tangu enzi za chama cha TANU. Wengi waliuogopa wakisema ni upelelezi. Mtaani kwetu uligonga mwamba mwingine kabisa: tulitakiwa kuwajua majirani kumi wakati tulikuwa tumeshaacha utaratibu pekee uliotujulisha majirani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wanaoamini kwamba dawa ni sheria. Wanauliza, kwa nini tubembelezane milangoni badala ya kuwa na uwezo wa kudai? Kwa majengo ya ghorofa jibu lipo: sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inaunda shirika la wamiliki, na michango ya kutunza jengo inaweza kudaiwa kama deni. Mtaa wa nyumba zenye hati zake, zilizopangwa kando ya barabara ya umma, hauko hivyo. Chama chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, na Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kujiunga na chama chochote. Hata geti tunalolionea fahari limesimama juu ya barabara isiyo yetu. Tukimnyima asiyelipa njia ya kupitisha gari, kama baadhi ya mitaa inavyojaribu, tunamzuia raia kutumia mali ya umma. Kwa hiyo nguvu tuliyo nayo ni ridhaa, na ridhaa hailetwi na barua ya wakili. Huletwa na jirani aliyefika kukueleza, uso kwa uso, kwa nini bei ya ulinzi imepanda.

Najua pia kwamba kamati imechoka. Wanakamati hawalipwi, wanarudi kutoka kazini usiku baada ya foleni ya Jogoo Road, na kumwambia mtu kama huyo azunguke mtaa mzima ni kumwonea. Ndiyo maana nasema ada iendelee kulipwa kwa simu, na mzunguko urudi mara moja kwa robo mwaka, ukigawanywa kijia kwa kijia, na anayezunguka awe anakaa kijia hicho hicho, awe mmiliki au mpangaji.

Hapo kwenye mpangaji, ambaye nataka awe na kura pia, ndipo wenzangu wengi wananikatalia. Jina letu, wanasema, ni chama cha wamiliki, na mpangaji anaweza kuhama kesho akatuachia deni la kisima alichokipigia kura. Hofu hiyo nafikiri inaweza kutengwa na kutatuliwa. Kuchimba kisima, kununua pampu, kubadilisha bomba kuu, hayo ni matumizi yanayogusa thamani ya mali kwa miaka mingi, na kura yake inafaa ibaki kwa wenye hati. Askari, taka, taa za geti na maji ya wiki hii ni mambo ya anayelala mtaani. Jiji lilipoanza mgao wa maji mwaka 2017, baada ya bwawa la Ndakaini kupungua sana, waliojua siku ambayo bomba lingetiririka na nyumba ambayo tangi lake limekauka walikuwa wapangaji. Mmiliki anayeishi Kitengela au Ruiru alipata habari kupitia kodi iliyocheleweshwa. Kumnyima kura ya mambo hayo mtu anayeyaishi, huku tukimtaka alipe ada kila mwezi, ni kumgeuza mteja kwa mikono yetu wenyewe, kisha kumlaumu kwa kutenda kama mteja.