Popo wa Milima ya Nzwani

Aendaye Nzwani kutoka pwani yetu hajioni mgeni sana. Mji wa Mutsamudu una vichochoro na milango ya nakshi kama tuijuayo, na lugha ya wenyeji, ukiitegea sikio, ni ndugu ya Kiswahili. Lakini sisi tulipanda milimani kumtazama popo ambaye duniani kote hapatikani mwituni ila katika visiwa viwili vya Komoro, yaani Nzwani na Mwali.

Njia hupita migombani na mikarafuuni, kisha huingia katika miteremko ambayo hata mbuzi angeihofu. Ng'ambo ya bonde, juu ya mti mmoja mkubwa, tuliwaona wakining'inia kama mafenesi meusi. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita 1.4, ilhali uzito wake hautimii kilo moja. Mabegani ana manyoya ya rangi ya dhahabu, na macho yake ni ya rangi ya chungwa. Huruka hata mchana, akielea kama mwewe juu ya hewa ya joto ipandayo kutoka bondeni. Wazungu walimpa jina la Livingstone, kana kwamba wenyeji hawakuwahi kumwona!

Waliosalia hukadiriwa kuwa 1,200 hivi, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Si kwamba huliwa. Watu wa huko ni Waislamu, na popo si kitoweo chao. Kinachommaliza ni shoka. Msitu hukatwa kupata mashamba, mbao na kuni, na kuni nyingi huishia katika majiko ya kuchemshia maua ya mlangilangi ili yatoe mafuta. Ndiyo, akina mama, ni mlangilangi uleule wa vikuba vyenu.

Tena miti mingi anayolala popo imo katika mashamba ya watu maskini. Jumuiya ya Dahari ya hukohuko hufanya mapatano na wenye mashamba, wapate malipo nao waiache miti isimame. Nasi twaona ni haki, kwani mwenye watoto wa kulisha hatashibishwa na nasaha.

Msitu ukiondoka, maji nayo huondoka. Mito mingi ya Nzwani iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Tulipokuwa tukishuka tulikuta wanawake na madumu yao katika mto uliobaki mawe matupu, wakichota kwa zamu katika kidimbwi kimoja kilichokuwa chini ya mti.