Ndume wa Jirani

Nataka kuwaelezea habari ya mbuzi zetu hapa Kavimvira, Uvira. Mwaka 2021 majike yetu sita yalizaa vibaya sana. Vitoto vilitoka vidogo, vingine vikashindwa hata kusimama vinyonye. Na minervali ya watoto inatoka kwa mbuzi hizo! Kijana wetu mkubwa akaniambia: "Papa, acha niende Misisi nichimbe dhahabu. Hapa hakuna kitu." Nilikosa jibu.

Nikamwita veterineri. Ulizo lake la kwanza: "Ndume mlimtoa wapi?" Nikaona haya. Alizaliwa kwetu, akakulia kwetu, akawa anapanda mama yake na dada zake.

Veterineri akanifasiria kwamba Ulaya, na hata Kenya, watu wanatumia mbegu ya ndume iliyogandishwa ndani ya azoti ya maji, kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Jike linawekewa kwanza sponji yenye dawa, siku 11 hivi, ili majike yote yatafute ndume kwa wakati mmoja. Lakini chombo cha azoti lazima kijazwe kila mara. Kikikauka, mbegu imekufa. Nikacheka. Kwetu hata barafu ya samaki inayeyuka mbele ya kufika sokoni!

"Basi iko njia nyingine," akasema. Ndume wa nyumbani atoke kabisa, majike yasimwone, yasisikie sauti wala harufu yake, wiki tatu ao zaidi. Wakati huo majike yaongezewe chakula. Kisha aingie ndume mgeni, wa ukoo mwingine, aliyeangaliwa kwanza kama hana ugonjwa. Harufu yake inaamsha majike, na mengi yanamkubali ndani ya siku kumi hivi. Mimba ni miezi mitano. Ukimwingiza Mei, vitoto vinakuja Oktoba, mvua imeanza na majani yako.

Mzee mmoja wa kanisa alinigombeza: "Unaingilia kazi ya Mungu." Nikamfungulia Mwanzo 30. Sisi wote tunakumbuka fito ambazo Yakobo aliweka mbele ya mbuzi penye maji. Lakini endelea mpaka sura ya 31: katika ndoto Yakobo anaonyeshwa ndume, wenye madoadoa, ndio wanaopanda. Mimi nasema ni ndume, si fito. Mzee alinyamaza, lakini hakukubali.

Mei 2022 tukabadilishana ndume na jirani wa upande wa Sange. Oktoba majike tano yalizaa, karibu yote katika wiki moja. Vitoto nane, kimoja kilikufa. Jike la sita halikushika mimba, tukaliuza.

Kijana sasa anaandika tarehe zote katika kaye yake: nani alipandwa, na ndume gani. Misisi bado anaitaja, zaidi siku za njaa. Nami bado ninadaiwa kitoto kimoja na jirani, maana ndume wake alikuwa mkubwa kuliko wetu, na hilo hajalisahau.