Kaseti ya Vifaru: Kutoka Ngamiani hadi Akihabara

Mwezi wa Novemba mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kwenda Japani. Yeye ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, na kwa miaka mingi amekuwa akinunua kwa kutazama picha na kusoma maelezo ya mawakala. Safari hii alitaka kuyaona magari kwa macho yake huko Yokohama kabla ya kulipa, naye akaona ni vema awe na mtu wa kumsaidia kuandika na kuhesabu. Ukatibu, hata ukiwa ni wa kamati ya msikiti, humfanya mtu akumbukwe kila panapohitajika kalamu.

Tulikaa siku tisa. Nilimwomba mjomba anipe siku moja iwe yangu. Aliponiuliza nitaifanyia nini, nilimwambia nataka kwenda Tokyo kununua kaseti ya gemu.

"Ya watoto?" akauliza.

"Hapana, mjomba. Ni deni."

Hakuuliza zaidi. Alinipa siku ya Alhamisi, na mwenyeji wetu, kijana wa Kitanzania anayefanya kazi ya kusafirisha magari, akakubali kufuatana nami.

Wasomaji wa rika langu wataikumbuka mashine ninayoizungumzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mtaa wetu wa Ngamiani mjini Tanga, nyumba moja au mbili zilikuwa na mashine ndogo ya plastiki iliyounganishwa na runinga, yenye pedi mbili za kuchezea na tundu la kuchomeka kaseti juu yake. Sisi tuliiita "gemu", basi. Kaseti nyingi zilikuwa za rangi ya njano, na karatasi yake ilidai kuwa ndani mna michezo 9999, ilhali ukihesabu kwa makini hukuti zaidi ya michezo michache inayojirudia kwa majina tofauti. Hatukujua kuwa zile zilikuwa mashine za kuiga, zilizoundwa kwa wingi China na Taiwan na kusambazwa pembe nyingi za dunia. Watoto wa Urusi waliijua yao kwa jina la Dendy, wa Poland kwa jina la Pegasus. Mashine halisi iliyoigwa ni ya Japani. Inaitwa Famicom, nayo ilitolewa na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto tarehe 15 Julai 1983, kwa bei ya yen 14,800.

Rafiki yangu wa utotoni alikuwa na mashine hiyo. Marehemu baba yake alikuwa baharia, naye ndiye aliyeileta kutoka Dubai pamoja na kaseti moja isiyofanana na zile za njano. Ilikuwa na mchezo mmoja tu, wa vifaru. Wachezaji wawili hushirikiana kulinda ngome yenye alama ya tai iliyozungukwa na ukuta wa matofali, na vifaru vya adui hushuka kutoka juu. Tuliucheza kila Jumamosi baada ya madrasa. Jina lake, nililokuja kulijua ukubwani, ni Battle City, mchezo wa kampuni ya Namco wa mwaka 1985.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Idd, rafiki yangu aliniazima ile kaseti nikacheze kwa binamu yangu. Mimi nikambadilishia kijana wa mtaa wa pili kwa kaseti ya mpira na shilingi mia tano za kunogesha sikukuu. Rafiki yangu alipoidai, nilimwambia kuwa imeibwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba yake alifariki mwaka uliofuata, na hakuna kingine alichowahi kumletea mwanawe kutoka safarini baada ya hapo.

Nilikua, nikaenda chuo, nikasoma milango ya fiqhi inayohusu amana na mali ya mtu. Tulifundishwa kuwa aliyepoteza kitu cha mwenzake humrudishia mfano wake, na mfano ukikosekana humpa thamani yake. Niliandika majibu hayo katika mtihani na nikafaulu. Rafiki yangu ni fundi wa redio na runinga hapo hapo Ngamiani, na mara nyingi tunasimama safu moja msikitini.

Akihabara iko mashariki ya katikati ya Tokyo, kwenye njia ya treni ya Yamanote inayozunguka jiji. Mtu akishuka kituoni hukutana kwanza na kelele za matangazo, mabango yaliyopanda hadi juu ya majengo, na umati usiogusana. Lakini chini ya madaraja ya reli zimebaki njia nyembamba zinazoeleza asili ya mtaa huu. Baada ya vita kuu ya pili, wachuuzi walikuwa wakiuza hapa vipuri vya redio juu ya meza za barabarani, na baadaye wakahamia kwenye vibanda vya chini ya reli. Baadhi ya vibanda hivyo bado vipo. Nilisimama mbele ya kimoja kisichozidi upana wa kitanda, mzee ameketi katikati ya visanduku vya swichi, nyaya na taa ndogo. Nilimfikiria rafiki yangu. Angeweza kukaa hapa kutwa nzima na asitamani chakula.

Maduka ya gemu za zamani yapo ghorofani. Tulipanda ngazi nyembamba za duka liitwalo Super Potato, linaloanzia ghorofa ya tatu kwa hesabu ya Wajapani. Kila ukuta una rafu, na kila rafu ina kaseti zilizofungwa katika mifuko myembamba ya nailoni, zimepangwa kama vitabu. Kaseti za Famicom ni ndogo, zinaenea kiganjani, na ni za rangi nyingi: nyekundu, buluu, kijani, nyeupe, za dhahabu. Wajapani huziita kasetto. Nilifurahi kulisikia neno hilo, maana ndilo letu, limefika kwao na kwetu kutoka chimbuko moja.

Zaidi ya michezo 1,000 ilitolewa rasmi kwa mashine hii, ya mwisho ikiwa ni ya mwaka 1994, na mashine yenyewe iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003. Wapo wanaokusudia kuzikusanya kaseti zote. Nyingine huuzwa yen mia chache kwa sababu zilichapishwa kwa mamilioni, na nyingine, zilizotoka chache au zilizobaki na sanduku lake na kitabu chake, zimefungiwa kabatini kwenye kioo na bei zake humfanya mtu arudi nyuma hatua moja. Chini kabisa huwekwa vikapu vya zile zinazoitwa janku, maana yake hazikujaribiwa na muuzaji hazidhamini. Wakusanyaji wenye subira huchuchumaa hapo kwanza.

Mwenyeji wangu, ambaye naye alikulia kwenye gemu, alinifundisha namna ya kuikagua kaseti. Ndani yake mna kibao cha saketi chenye chipu zilizobeba mchezo, na ukingoni pana meno 60 ya shaba yanayogusana na mashine. Meno yakishika uchafu, picha hujaa alama zisizosomeka au huwa haiji kabisa. Sisi Tanga tulikuwa tukipuliza kwa mdomo. Watoto wa Tokyo nao walipuliza vivyo hivyo. Kumbe pumzi ina unyevu, na unyevu hula shaba. Kilichosaidia kilikuwa ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Dawa yake ni pamba iliyochovywa spiriti kidogo, kisha kuiacha ikauke.

Alinionesha pia kaseti zenye betri ndani, zile za michezo mirefu ambayo mtu hawezi kuimaliza kwa siku moja. Betri bapa, kama ya saa, hulinda kumbukumbu ya mahali alipofika mchezaji hata mashine ikizimwa. Betri ikifa, kila kilichohifadhiwa hufutika. Fundi anaweza kuitoa na kulehemu mpya, lakini safari ya yule mtoto wa mwaka 1988 hairudi.

Kaseti ya vifaru tuliipata katika duka la pili, dogo zaidi, na zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa safi, karatasi yake haijachanika, kwa yen 1,800. Ya pili ilikuwa imefifia na bei yake ni yen 700. Nikauliza sababu ya tofauti kubwa namna ile. Muuzaji aliigeuza ile ya bei nafuu. Mgongoni, kwa wino mzito na mkono wa mtoto, paliandikwa jina.

Mwenyeji wangu akanisomea. Lilikuwa ni jina la kwanza la mvulana, limeandikwa kwa herufi rahisi ambazo watoto wa Kijapani hujifunza kabla ya nyingine. Akanieleza kuwa watoto wengi wa wakati ule waliandika majina yao kwenye kaseti kwa kuwa walikuwa wakiazimana shuleni na mitaani, na kila mmoja alichelea yake isipotee. Kwa mkusanyaji, jina ni doa linaloshusha bei. Lakini akaongeza kwamba yupo mtu nchini humo ambaye hukusanya hasa kaseti zenye majina, akazitangaza katika mtandao, ili mwenyewe akijitokeza arudishiwe yake. Na wapo waliojitokeza, watu wazima wenye watoto wao, wakapokea kaseti waliyoiandika wakiwa darasa la pili.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Chuoni tulisoma mlango wa kitu kilichookotwa, kwamba aliyekiokota hukitambulisha kwa alama zake na kukitangaza mwaka mzima akimtafuta mwenyewe. Na hapa yupo mtu asiyeokota njiani, bali anayenunua kwa fedha yake vitu vya watoto asiowajua, ili avirudishe. Mimi mwenye kaseti ya wenzangu nilimjua, jina lake nalijua, nyumba yake ni hatua mia mbili kutoka kwangu, na miaka ishirini na tano ilikuwa imepita.

Nilinunua ile safi. Ile yenye jina niliirudisha kwenye rafu, uso wa nyuma ukitazama nje, mahali ambapo mwenyewe angeweza kupita akaiona.

Jua la Novemba huzama Tokyo mapema, kiasi cha saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo Alasiri haingoji. Tuliharakisha kwa miguu hadi Okachimachi, kituo kinachofuata, ambako kuna msikiti mwembamba wa ghorofa uliobanwa na majengo ya jirani. Tuliswali na watu wa mataifa mengi, wengine wakiwa na mavazi ya kazi. Kaseti ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na kila nilipokwenda sijida niliihisi ubavuni.

Nilirudi Tanga Jumanne. Jumamosi baada ya Alasiri nilikwenda kwenye kibanda cha rafiki yangu. Alikuwa ameinamia redio. Nilimwekea kaseti mezani na nikamweleza yote: kijana wa mtaa wa pili, kaseti ya mpira, shilingi mia tano, na uongo wa wizi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga ndani ya ndege yalinipotea, nikasema yaliyobaki.

Aliweka chini chuma cha kulehemu. Aliichukua kaseti, akaitazama meno yake kama fundi, kisha akasema, "Nilijua. Niliiona kwa yule bwana wiki ile ile. Nilikuwa nakungoja useme."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniongopea mara ya pili."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, naye akasema amenisamehe zamani. Kisha akanyamaza kidogo na kuongeza kuwa si mara moja. Baba yake alipofariki ilimbidi asamehe upya, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Hayo ni maneno yake, nami nimeyaandika kwa idhini yake.

Ile mashine ya zamani bado anayo, juu ya kabati, na tundu lake ni la meno 60 kama ya Japani. Runinga za kisasa zingetusumbua, lakini katika kibanda cha fundi hazikosekani runinga za zamani zenye mgongo. Aliunganisha nyaya, akachomeka, na muziki mfupi wa mwanzo ukalia. Watoto wake watatu walitoka ndani wakashangaa picha zilivyo na pembe pembe. Tulicheza ngome nne. Katika mchezo ule, risasi ya mwenzako haikuui, ila hukugandisha kwa muda usiweze kusogea. Alinipiga ya mgongoni mara mbili, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Nilipoaga, aliichomoa kaseti, akachukua kalamu ya wino mzito anayoandikia risiti za wateja, akaigeuza na kuandika jina lake mgongoni kwa herufi kubwa. Kisha akaifunga pamoja na mashine katika mfuko mmoja na kunikabidhi, watoto wangu nao wakacheze wiki moja.

Jumamosi iliyofuata niliirudisha.