Kalemie: Prosesa ya viini sita si ya kudharauliwa

Baba aliyekimbia vita, anayetafuta riziki Kalemie kwa kuandikia watu barua, hujiuliza: kompyuta ya viini sita ama nane? Kiini ndicho sehemu ya prosesa inayopiga hesabu.

Kiwandani, kipande kimoja huchorwa kikiwa na viini nane. Kimoja kikitoka kibovu, kipande hakitupwi: viwili hufungwa, kinauzwa kama cha sita kwa bei ndogo. Ndivyo AMD ilivyofanya mwaka 2017 kwa Ryzen 5 1600. Mwaka 2008 iliuza Phenom X3 ya viini vitatu, iliyotoka kwenye kipande cha vinne. Pengine hata kiini kizima hufungwa, ili bidhaa ya bei nafuu isikosekane sokoni.

Viini vilivyobaki ni vizima. Kwa kuandika na kuchapisha, sita vinatosha kabisa. Pesa itakayobaki inunue mafuta ya jenereta. Umeme ukikatika, hata viini nane hulala.