Jiwe Lililo Hai

Mtu aliyezaliwa pwani hudhani kuwa anaijua bahari. Anazijua siku za bamvua na siku za maji mafu. Anaujua upepo wa kaskazi na upepo wa kusi. Anajua samaki yupi ana mwiba wa sumu na yupi hana. Lakini kuujua uso wa mtu si kuujua moyo wake. Mimi niliijua bahari kwa uso tu muda wa miaka hamsini, mpaka siku moja nilipotia kichwa changu ndani ya maji ya nchi ya mbali, nikaona kitu nilichokuwa nikikikanyaga nyumbani.

Nilikuwa mgeni katika kisiwa cha Saint John, kimojawapo cha Visiwa vya Virgin vya Marekani, katika Bahari ya Karibi. Ni kisiwa kidogo chenye vilima vingi. Denmark ilikitawala mpaka mwaka 1917, ilipoviuza visiwa vyake vya huko kwa Marekani kwa dola milioni 25 za dhahabu. Tangu mwaka 1956 sehemu kubwa ya kisiwa imekuwa hifadhi ya taifa, na kwa sababu hiyo fuo zake nyingi hazina hoteli wala makelele.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kisiwa, mwenye umri wa kutosha kunizaa. Tulitoka asubuhi na mapema, tukaacha gari karibu na magofu ya kiwanda cha sukari cha Annaberg, tukaifuata njia ya miguu iendayo kando ya Ghuba ya Leinster. Njia hiyo haifiki maili moja. Mwisho wake upo ufuko mwembamba, na mbele ya ufuko, ndani ya maji, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Waterlemon Cay. Hatukumkuta mtu. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mwari mmoja aliyejitupa baharini kuvua, akainuka, akajitupa tena.

Nilimwuliza mzee maji yangekupwa saa ngapi, maana kwetu mtu haendi mwambani bila ya kuuliza swali hilo. Alicheka. Akanieleza kuwa huko tofauti ya maji kujaa na maji kupwa ni kiasi cha futi moja tu. Nilistaajabu. Kwetu, katika siku za bamvua, tofauti hiyo hupita futi kumi. Bahari hurudi nyuma, mwamba ukabaki wazi, nasi tukatembea juu yake kama watu watembeao sokoni. Huko bahari haijifunui kwa mtu yeyote. Atakaye kuuona mwamba sharti ainamishe kichwa.

Basi nilivaa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira. Mzee alinifundisha kukitemea mate kioo cha miwani na kukisuuza ili kisifanye ukungu. Kisha akanipa masharti mawili: nisiguse kitu, wala nisisimame juu ya kitu. Pumzi yangu ya kwanza chini ya maji ilikuwa ya hofu, ya pili ilikuwa ya mashaka, na ya tatu niliisahau, kwa kuwa macho yalikwisha kupata kazi.

Kwanza tulipita juu ya majani ya bahari. Kasa mmoja alikuwa akila taratibu mfano wa ng'ombe malishoni. Alipanda juu, akavuta pumzi, akarudi kwenye chakula chake bila ya kutujali. Juu ya mchanga walitawanyika viumbe tuwaitao kwetu viti vya pweza, wengine wakubwa kama sahani, rangi yao kama ya chungwa lililoiva. Karibu na kile kisiwa kidogo majani yalikoma, mwamba ukaanza. Hapo paliota matumbawe mapana na membamba, ya zambarau, yaliyoyumba kwa mkondo kama vipepeo vya kuchochea moto. Pono alikuwa aking'ata mwamba, na niliusikia mlio wa meno yake waziwazi. Pono huusaga mwamba pamoja na chakula chake, akautoa ukiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe ambao watu husafiri mbali kuja kuulalia imepita katika tumbo la samaki.

Kisha mzee alininyoshea kidole. Mbele yangu lilikuwapo tumbawe la mviringo, upana wake kama dhiraa mbili, lenye mifereji iliyopindapinda juu yake kama ubongo wa mnyama. Nililikaribia bila ya kuligusa. Tulipokaa ufukoni kupumzika alinieleza kuwa lile si jiwe. Ni mji wa wanyama wadogo wasiohesabika, kila mmoja ana kinywa chake. Na ndani ya miili yao huishi mimea midogo mno ambayo huwapikia chakula kwa nuru ya jua. Wanyama hao hujijengea nyumba ya chokaa, na ujenzi wao ni wa polepole: tumbawe la namna ile hukua milimita chache tu kwa mwaka. Nilipiga hesabu mchangani kwa kidole. Tumbawe nililoliona lilianza kujengwa kabla ya baba yangu hajazaliwa.

Hapo nilinyamaza, na mzee, kwa adabu, hakuniuliza sababu.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa huko Mikindani, kusini mwa Tanzania. Siku za bamvua tulimfuata mwambani kwa mtumbwi, mimi na ndugu zangu, tukachukua mitaimbo, tukayang'oa matumbawe. Tuliyaanika, tukapanga magogo ya minazi, tukayalundika juu yake, tukatia moto. Kilichobaki kilikuwa chokaa nyeupe, nayo ilinunuliwa na waashi. Nakumbuka jambo moja zaidi ya mengine. Matumbawe yale yalipokaa juani yalinuka kama samaki aliyeoza, nasi watoto tuliziba pua na kukimbizana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni jiwe gani linukalo. Jibu lilikuwa mbele ya pua zetu, na kwa miaka mingi tuliliziba kwa vidole.

Tena sina budi kusema kweli yote. Karo yangu ya shule ililipwa kwa chokaa ile. Kila herufi niandikayo leo ina gharama yake katika mwamba wa Mikindani. Siwezi kumlaumu baba, kwa kuwa alifanya kazi ya halali ili watoto wake wale na wasome. Wala siwezi kujisifu kuwa nimekuwa mwema kuliko yeye, kwa kuwa wema wangu umetokana na elimu aliyoninunulia.

Tuliingia majini mara ya pili, na safari hii niliona yale ambayo furaha ilinificha mwanzoni. Matumbawe mengi yalikuwa yamekufa, yamefunikwa na uoto kama ukuta wa nyumba iliyohamwa. Mzee alikuwa shahidi wa mambo hayo. Mwaka 2005 maji ya Karibi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawa meupe, kisha yakaugua. Zaidi ya nusu ya matumbawe katika sehemu zilizokuwa zikipimwa ndani ya hifadhi yalipotea. Baadaye ulikuja ugonjwa mwingine, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, ukafika Visiwa vya Virgin mwaka 2019. Ugonjwa huo huweza kuliua kwa majuma machache tumbawe lililojengwa kwa miaka mia. Huko hapana mtu aliyeshika mtaimbo. Moto wa viwanda na magari ya nchi nyingi umefanya polepole kazi ambayo tanuri letu liliifanya kwa usiku mmoja.

Jioni tulirudi kwa njia ileile, tukaingia katika magofu ya Annaberg. Mwaka 1780 kiwanda hicho kilikuwa kimojawapo cha viwanda 25 vya sukari vilivyofanya kazi kisiwani. Mzee aliniongoza mpaka ukutani, nikaona katikati ya mawe ya kawaida vipande vya tumbawe vilivyochongwa, na mifereji yake iliyopindapinda ingali inasomeka. Waliovikata baharini walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Mwezi wa Novemba, 1733, watumwa wa kisiwa hicho waliasi, wakakishika karibu chote kwa miezi kadhaa kabla ya kushindwa. Uhuru wao ulitangazwa tarehe 3 Julai, 1848. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari tulikiona kisiwa cha Tortola, ambako Waingereza waliufuta utumwa mwaka 1834. Baadhi ya watumwa wa Saint John walihatarisha roho zao kuyavuka maji yale usiku. Ghuba niliyoisifu asubuhi kwa utulivu wake iliwahi kuwa mpaka baina ya mtu na nafsi yake.

Nilitia mkono ukutani. Mzee alisema taratibu, “Hapa unaweza kugusa, mwanangu. Hapa wamekwisha kufa wote wawili, tumbawe na aliyelikata.”

Asubuhi ile nilikuwa nimeokota ufukoni kipande kidogo cha tumbawe lililokufa, nikakitia mfukoni nipate kuwaonyesha wanangu. Sheria ya hifadhi inakataza jambo hilo, lakini si sheria iliyonirudisha. Nilimwomba mzee aningoje, nikashuka mpaka ukingo wa maji, nikakiweka nilipoweza kukifikisha mkono wangu. Najua kuwa kipande kimoja hakilipi matanuri ya utoto wangu. Kutojua humpunguzia mtu lawama, hakumwondolei deni. Na deni lisiloweza kulipwa hulipwa kwa kutoliongeza na kwa kulisema mbele ya watoto. Wanangu niliwaletea habari hii mahali pa kile kipande.